Kidole na Kioo

Msomaji, yapo maneno mawili yasemwayo juu ya muziki upigwao kwa kugusa kioo, na yote mawili ni maneno ya uvivu. La kwanza hutoka vinywani mwa wazee na mwa baadhi ya walimu wenzangu: wasema kuwa huo si muziki hata kidogo, bali ni mchezo wa watoto wasiotaka kuota sugu mikononi. La pili hutoka vinywani mwa vijana: wasema kuwa ngoma, zeze na gitaa zimepitwa na wakati, na kwamba mtu mwenye kishikwambi na programu yake amekuwa mwanamuziki tangu saa ile alipomaliza kulipa. Nitayapinga yote mawili. Lakini nakuarifu mapema kuwa sitayapinga kwa ukali mmoja. La kwanza ni kosa la watu wasioijua ala hii, na kutojua kuna dawa. La pili limefunika udanganyifu, na udanganyifu hupenda sana kuvaa vazi la maendeleo.

Haifai kubishania kitu kabla ya kukijua. Kioo cha kugusa hakina sauti ndani yake. Juu yake programu huchora mifano ya vitu: vitufe vya kubonyeza, vitelezi vya kupandisha na kushusha, magurudumu ya kuzungusha, na miraba ambayo kidole hutembea ndani yake kama ng'ombe malishoni. Kidole kikigusa, programu hutuma ujumbe mfupi kwa waya au kwa mawimbi ya hewani hadi kwenye kompyuta, na ni kompyuta hiyo iundayo sauti na kuipeleka kwenye spika. Basi mpigaji, kompyuta na spika huweza kuwa mahali patatu mbalimbali. Mzee wa Werugha aliyezoea ngoma ambayo ngozi, mkono na mlio ni kitu kimoja ana haki ya kushangaa.

Ujumbe huo huenda kwa lugha mbili. Ya kwanza ni MIDI, ambayo watengenezaji wa vinanda vya umeme wa Marekani na Japani walipatana juu yake, ikaonyeshwa hadharani mwaka 1983. Katika lugha hiyo ukubwa wa kitu aghalabu hutajwa kwa namba kutoka 0 hadi 127, wala hapana kitu baina ya 63 na 64. Kitelezi kikipandishwa polepole sana, sikio kali huweza kuzisikia ngazi zake. Ya pili ni Open Sound Control, iliyobuniwa mwaka 1997 na Matt Wright na Adrian Freed katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley. Hiyo hukubali namba zenye sehemu ndogo ndogo, na kila ujumbe wake hubeba anwani ya maneno ambayo mpigaji mwenyewe huweza kuiandika. Akitaka kitelezi chake kiitwe ngoma kubwa, au kiitwe kwa jina la Kidawida ambalo nyanya yake huliita, hapana wa kumkataza. Naomba ulikumbuke jambo hili dogo, kwa kuwa nitalirudia kwa uzito zaidi mbele.

Ala hizi zilianza kwa matajiri. Mwaka 2005 kampuni ya JazzMutant ya Bordeaux, Ufaransa, ilitoa kioo kilichoitwa Lemur, kilichoweza kutambua vidole vingi kwa wakati mmoja. Bei yake ilipita dola 2,000, na mwalimu wa kawaida angaliweza kukitazama pichani tu. Mwaka 2008 ikatokea programu ya TouchOSC, iliyofanya kazi ya namna hiyo juu ya simu ya mfukoni. Mwaka 2010 kishikwambi cha iPad kilipoingia madukani, JazzMutant wenyewe waliacha kutengeneza kioo chao kabla ya mwaka kwisha, na mwaka uliofuata jina la Lemur likarudi kama programu tu. Leo iko programu iitwayo Open Stage Control ambayo haina bei kabisa. Huwekwa katika kompyuta moja, na kishikwambi chochote chenye uwezo wa kufungua kurasa huifikia bila kuwekewa kitu kingine. Kwa hiyo mtu asituambie kuwa jambo hili ni la Nairobi na Ulaya peke yake.

Sasa niwageukie wazee. Mwasema kuwa kioo ni kitu cha kigeni na hakiwezi kuzaa muziki wetu. Je, gitaa lilichongwa Vuria? Fadhili William, aliyezaliwa Taita mwaka 1938 na kufariki mwaka 2001, ambaye jina lake la mwisho, Mdawida, latangaza kwao, aliufikisha wimbo wa Malaika katika masikio ya ulimwengu pamoja na bendi ya Jambo Boys, na ala iliyombeba ilikuwa gitaa. Leo gitaa lahesabiwa kuwa mtoto wa nyumbani. Huko Unguja husimuliwa kuwa Sultani Barghash, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, alimtuma mtu Misri akajifunze kupiga kanuni, na taarabu ikapata mizizi. Lakini mfano niupendao zaidi uko karibu nasi, Mombasa. Mwaka 1912, katika mji wa Nagoya, Mjapani Goro Morita aliunda ala ya nyuzi yenye vitufe alivyoviiga kutoka mashine ya kupigia chapa. Fikiri: mashine ya karani! Ala hiyo ilisafiri baharini, Waswahili wakaiita tashkota, na ukisikiliza nyimbo za Zuhura Swaleh utaisikia ikimjibu mwimbaji kama ndege ajibuye ndege. Hakuna mtu mwenye akili timamu awezaye kusimama Mji wa Kale na kusema kuwa taarabu ile si ya pwani kwa sababu ya vile vitufe.

Ala haiulizwi imezaliwa wapi. Huulizwa kama yamjibu ampigaye.

Hapo, nakiri kwa haki, wazee wana neno moja la kweli, nalo ni kubwa. Ngoma huujibu mkono. Ukiipiga katikati yaunguruma, ukiipiga ukingoni yalia, ukiipiga kwa uchovu yatangaza uchovu wako mbele ya watu. Ngozi ikilegea kwa ukungu wa asubuhi, hupelekwa motoni mpaka ikaze. Kioo hakina mambo hayo. Vishikwambi vingi havitambui uzito wa kidole: ukigusa kwa hasira au kwa upole, kwake ni mguso ule ule. Tena hakina kingo za kupapasa. Mpiga gitaa hupata nyuzi zake gizani. Mpiga kioo asipotazama chini, kidole chake hupotea. Ndiyo maana wapigaji wengi wa ala hii huinama mbele ya hadhira kama makarani wanaohesabu fedha, na watu waliolipa kiingilio huona utosi badala ya uso.

Walakini kasoro ya ala si hukumu ya kifo. Mnamo mwaka 1920 Mrusi Leon Theremin alibuni ala isiyoguswa hata kidogo, ambayo mpigaji husogeza mikono hewani tu, na Clara Rockmore aliipiga kwa ufundi uliowanyamazisha wenye fidla. Kioo nacho kina dawa zake. Ikiwa hakijui uzito, chajua mahali: mraba waweza kupangwa hivi kwamba kidole kikitua katikati mlio uwe mkubwa, na kikitua karibu na ukingo uwe mdogo, na mpigaji akajifunza kupima kwa nafasi kile ambacho mwenye ngoma hupima kwa nguvu. Ikiwa hakina kingo, vitu vikubwa na vichache huwekwa pembeni mwake, ambako kidole hupata fremu na kujua kilipo. Wengine hubandika utepe mwembamba juu ya kioo uwe kama mpaka wa shamba. Mambo haya hayahitaji fedha. Yahitaji mtu aliyekaa na ala yake jioni nyingi, akakosea, akarudia.

Na hapa ndipo ninapowafikia wale ambao hawakai na ala yao hata jioni moja.

Wewe umewaona, msomaji. Wako katika arusi, katika mikutano ya wanasiasa, katika sherehe za kufunga shule, Voi na Mwatate na huku kwetu milimani. Kijana hupanda jukwaani na kompyuta, na pembeni ameweka kishikwambi kinachong'aa rangi tatu. Wimbo mzima, tangu mdundo wa kwanza hata wa mwisho, ameupanga nyumbani. Hubonyeza kitufe kimoja. Tangu hapo hana kazi: hutikisa kichwa, huinua mkono, hugusa kioo hapa na pale, huzungusha gurudumu lisilofungwa kwenye kitu chochote. Mwimbaji naye hufumbua kinywa juu ya sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa mwezi uliopita. Watu hushangilia, na mwenye arusi hulipa. Amelipa nini? Amelipa kaseti, na mtu wa kusimama kando ya kaseti.

Usinielewe vibaya. Mcheza santuri ana kazi yake ya halali. Achezaye nyimbo za wengine na kusema wazi kuwa ni za wengine, akachagua huu kwa saa hii na ule kwa saa ile kwa kuwasoma watu walio mbele yake, huyo ni fundi, na ufundi wake si haba. Sigombani naye. Nagombana na yule ajifanyaye apiga huku hapigi. Aliyeuza maji kwa jina la maziwa hajitetei kwa kusema kuwa maji nayo ni mazuri.

Wenye tabia hiyo hutoa udhuru kuwa muziki wa kompyuta ndivyo ulivyo. Huo ni uongo, na ushahidi wake uko Dar es Salaam. Vijana wa singeli, katika mitaa isiyo na mali kama Mburahati na Manzese, walijenga muziki wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika kwa kompyuta za kawaida. Mkusanyo wa kazi zao ulioitwa Sounds of Sisso ulitolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na tangu hapo wameitwa katika majukwaa ya Ulaya. Ukiwatazama wakiwa kazini utaona vidole vikishambulia vitufe vya kompyuta, vile vile vya kuandikia barua, upesi kama mvua juu ya bati. Wakikosea, kosa lasikika. Hawana kioo cha bei. Nao hupiga.

Mfano mwingine ni wa nchi za mbali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra, Barcelona, waliunda meza iitwayo reacTable, yenye uso unaowaka nuru, ambayo wapigaji huweka na kuzungusha vipande juu yake ili kuumba sauti. Mwimbaji Björk wa Aisilandi aliichukua meza hiyo katika safari yake ya maonyesho ya mwaka 2007. Kilichonivutia si meza bali ni kwamba yanayotendwa juu yake huonekana. Kipande kikiondolewa, sauti yaondoka. Kikigeuzwa, sauti yageuka, na mtazamaji asiyejua lolote juu ya kompyuta aelewa kuwa mkono ule ndio uliotenda jambo lile. Hili ndilo nilidailo kwa kila apandaye jukwaani na kioo: sababu na tokeo vionekane kwa macho ya aliyelipa.

Basi twamjuaje mpigaji wa kweli? Mwambie abadilishe. Wachezaji wakichoka, apunguze mwendo. Bibi arusi akichelewa mlangoni, arefushe mwanzo mpaka aonekane. Mzee akisimama kucheza ghafula, ampe nafasi. Mpiga ngoma wa Mwazindika, ngoma ya asili yetu ambayo shina lake ni uganga wa pepo, hawezi kujua usiku utakuwa mrefu kiasi gani. Humtazama mchezaji, na mchezaji ndiye saa yake. Mpiga kioo naye aweza kufanya hivyo. Programu yampa kitelezi cha mwendo, vitufe vya kuita na kunyamazisha kila mdundo peke yake, na mraba wa kukunja sauti. Kuita mizunguko iliyorekodiwa si dhambi, ikiwa ni yeye aamuaye, saa ile ile, upi uingie na upi utoke. Lakini aliyepanga yote nyumbani, akaambiwa apunguze mwendo akabaki anatazama tu, huyo ni mgeni katika shughuli yake mwenyewe.

Liko jambo la tatu, ambalo hata wapigaji waaminifu huliacha lipite, nami naliona zito kuliko yote. Ukifungua nyingi za programu za muziki utakuta uso uliokwisha kuchorwa na mwenye kiwanda: funguo za piano chini, na juu yake miraba 16, minne kwa minne. Mwanafunzi huuona uso huo akadhani ndio muziki wenyewe. Miraba 16 humlazimisha ahesabu kwa nne. Lakini keti karibu na ngoma zetu usikilize: mara nyingi mkono mmoja hugawa kwa tatu wakati mwingine ukigawa kwa mbili, na mzunguko hukamilika katika 12, si katika 16. Mtoto aliyelelewa na mdundo huo tangu mgongoni mwa mama yake huketi mbele ya miraba 16 akajihisi mjinga. Si mjinga. Amepewa kabati isiyoingia nguo zake.

Kadhalika funguo za piano. Zimeigawa sauti katika hatua 12 zilizo sawa, na mwimbaji wa nyimbo za kale akipita baina ya hatua hizo, piano humwambia kuwa amekosea. Kioo hakina haja ya kusema hivyo. Juu yake waweza kuchora mstari mmoja mtupu, usio na funguo, kidole kikateleza juu yake kama sauti ya bibi anayeimba akipalilia mahindi. Waweza kuchora duara 12 zilizopangwa kwa mviringo, duara kubwa mahali ngoma kubwa iangukapo, ndogo mahali pa kayamba. Hii ndiyo sababu nilikuomba ukumbuke kuwa anwani za Open Sound Control huandikwa na mpigaji. Ala hii yakubali kuchorwa upya na kupewa majina mapya na mwenye kuipiga. Fundi wa piano hakumpa mwanafunzi wa Wundanyi ruhusa hiyo, wala fundi wa gitaa. Kuitupa ruhusa hiyo, na kukubali uso wa kiwandani kwa sababu umekuja tayari, ni kukataa sehemu bora ya zawadi na kubaki na karatasi iliyofungiwa.

Nasikia mwalimu mwenzangu akiuliza: vifaa vitatoka wapi? Mwaka 2016 serikali yetu ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi za umma, na hesabu yake ilipita milioni moja. Katika shule nyingi vilitumika kwa shauku siku za mwanzo, kisha vikapungua mikononi na kuongezeka kabatini. Nimeona mahali ambapo sitapataja kabati la chuma lenye kufuli mbili. Ndani yake vishikwambi vilikuwa vimepangwa vizuri kama mikate dukani, na mwenye ufunguo alijisifu kuwa hakuna hata kimoja kilichovunjika. Ni kweli, hakuna. Vingine betri zimekufa kwa kulala, na watoto waliokusudiwa kuvigusa wameingia sekondari bila kuvigusa. Kitu kilichonunuliwa kwa kodi ya watu kikafungiwa mpaka kife, kisha mlinzi akasifiwa kwa uangalifu!

Kwa kikundi cha shule hauhitajiki utajiri. Kompyuta moja, vishikwambi vinne, spika, na kifaa kidogo cha kuunganisha kwa mawimbi, ambacho si lazima kiwe na intaneti, kwa kuwa ujumbe wa kioo huishia chumba cha pili. Mwanafunzi wa kwanza hushika ngoma kubwa, wa pili ngoma ndogo, wa tatu kayamba, wa nne mstari wa sauti. Hapana hata mmoja wao awezaye kuucheza wimbo mzima peke yake, na huo ndio uzuri wa mpango huu: wawajibika kusikilizana, sawa na wapiga ngoma wowote. Sauti zenyewe wasizinunue. Waende Mgange, waende Mwatate, wakarekodi wapigaji walio hai, kwa simu ikiwa hapana kitu bora. Ila waombe kwanza. Mlio wa ngoma ya pepo una wenyewe, na mzee akisema kuwa pigo fulani halitoki nje ya shughuli yake, basi lisitoke. Nimeona watu wa mjini wakichukua milio ya vijiji kama watu wanaookota kuni, na sitaki wanafunzi wetu wajifunze tabia hiyo kwa jina la ubunifu.

Yako matatizo ambayo lazima niyataje, maana anayesifu kitu bila kutaja gharama yake ni mchuuzi. Ujumbe huchukua muda kusafiri. Ukichelewa sehemu moja ya mia ya sekunde, mpigaji hana la kulalamika. Zikifika tano au sita, mkono wake huona kama wapiga ngoma iliyo ng'ambo ya bonde. Ukumbi ukijaa watu wenye simu, mawimbi ya simu zao na ya vishikwambi hupigania njia moja, na kitelezi hukwama katikati ya wimbo. Dawa yake ni waya, ingawa waya hauna fahari. Tena huku kwetu mvua za Novemba zikishika kasi, stima hukatika bila kuaga. Kishikwambi chaendelea kuwaka kwa betri yake, lakini spika yanyamaza, na vijana wanne hubaki wanagusa vioo vilivyo kimya mbele ya wazazi. Kwa hiyo nasisitiza kuwa kila kikundi cha kioo kiwe na ngoma halisi pembeni, na kila mwanafunzi ajue kuipiga kabla ya kuruhusiwa kuigusa sura yake. Kioo humfaa zaidi anayejua kile ambacho kioo chaiga. Stima ikikatika, ahamie kwenye ngozi, na wimbo usivunjike.

Linabaki swali la alama, ambalo naona ndilo linalowatisha walimu kuliko yote. Mtaala wa umilisi umewawekea wanafunzi wa shule ya upili njia ya sanaa na michezo, na muziki umo ndani yake. Walakini mtahini aliyezoea kuhesabu makosa ya vidole juu ya kinanda huuliza atampimaje mtoto mwenye kioo, na atajuaje kuwa hakubonyeza kitufe kimoja na kukaa. Hofu hiyo ina msingi, nami nimekwisha kueleza kwa nini. Lakini haistahili kumfukuza mwaminifu ili kumkomesha mdanganyifu. Mtahini aketi mahali ambapo aona mikono. Mtoto apige mara ya kwanza kama alivyojiandaa. Kisha mtahini awaite wachezaji watatu kutoka miongoni mwa wanafunzi waliohudhuria, ambao mtoto hakuwachagua, na aseme: piga tena wimbo ule ule, hawa wacheze, na wewe uwafuate. Yule atakayewafuata aandikiwe alama zake, na yule asiyeweza ajue kuwa alama za kazi ya nyumbani hutolewa katika daftari lingine.